Taa ya Kichwani kwa Pango la Mgwashi

Barua ya shemeji yangu Hoza ilinifikia Lushoto siku ya soko, imeletwa na mchuuzi wa kabichi aliyeikunja ndani ya kofia yake. Ilikuwa fupi. Chemchemi ya upande wao wa Mgwashi ilikuwa imekauka tangu mvua kubwa iporomoshe udongo juu ya miamba, na dada yangu Zaina, mkewe Hoza, sasa alikuwa akiteka maji bondeni, mwendo wa saa moja kushuka na zaidi ya hapo kupanda na ndoo kichwani. Maji yenyewe hayakupotea. Yalisikika ndani ya pango lililo juu ya chemchemi, yakikimbilia upande mwingine. Hoza aliingia kuyatafuta akiwa amebana tochi kwa meno. Akateleza, tochi ikamponyoka, akatoka gizani kwa kupapasa mawe. "Mle ndani mtu anahitaji mikono yote miwili, na taa iwe kichwani," aliandika. "Fundi ni wewe. Tafuta yenye mwanga mkali, uje nayo mwenyewe."

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi, na kazi zilinijaa. Lakini Zaina ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, naye alikuwa darasa la tatu. Aliacha shule ili nisibaki nyumbani peke yangu. Nilifunga kibanda jioni ile ile.

Asubuhi ya siku ya kwanza niliteremka Mombo. Baridi ya mlimani iliniachia Soni, na tulipofika chini nilikuwa nimekwisha kuvua sweta. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Kando ya barabara kuu walipanga redio, saa za plastiki na tochi za kila urefu. Taa ya kichwani hapakuwa nayo. Muuza mitumba mmoja alinionyesha kofia ngumu yenye taa mbele. Nilipoifungua, ndani mlikuwa na vumbi na buibui mfu.

"Nenda Tanga," aliniambia bila kuona haya. "Wachimba vito wa huko bonde la Umba hununulia huko. Hapa tunauza za kutembelea barabarani."

Saa saba mchana nilikuwa Tanga. Niliulizia maduka manne kabla ya kuelekezwa kwa mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyeitwa Mama Asia, ambaye duka lake lilianza na vitenge mlangoni na kuishia na vyuma nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka milimani wewe, sweta umeishika mkononi. Nikupe nini?"

Nilimweleza habari ya pango. Aliniletea taa tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kung'aa kama sufuria jipya, na mkanda wa ngozi. Ya pili ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, ndogo, yenye mkanda wa mpira na globu mbili ndani yake: moja kali, moja ya kawaida. Ya tatu sikuipa muda; swichi yake ilicheza kama jino la mtoto.

Taa haipimwi juani, hivyo nilimwomba anifungulie stoo. Akanifungia humo pamoja na magunia ya mchele. Niliwasha ile kubwa, na doa la mwanga likapiga ukuta wa mwisho, jeupe, kali hata nikasoma maandishi madogo ya kwenye gunia la juu kabisa. Nilipowasha ile ya mtumba kwa globu ya kawaida, mwanga ulikuwa wa manjano, umetawanyika, na yale maandishi sikuyaona. Nilitoka nikiwa nimekwisha kuamua.

"Nipe hii kubwa," nilisema.

Mama Asia hakuipokea pesa. "Utakaa humo pangoni muda gani?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nilisema labda saa moja, labda tatu.

"Basi tuziache ziwake zote mbili. Wewe nenda kale, ukaswali, urudi. Sitaki kesho kutwa nisikie nimemuuzia mtu kaburi."

Nilirudi saa kumi na nusu. Ile kubwa ilikuwa imebaki na wekundu kama kaa la moto linalokufa, na nyuma ilikuwa imepata joto la kuunguza kidole. Ile ndogo iliwaka vilevile nilivyoiacha. Niliona aibu kidogo, mimi fundi kufundishwa taa na muuza vitenge. Mama Asia alicheka, akanimiminia kahawa.

Nililipia ile ndogo. Tatizo likabaki moja. Taa ile ilitumia jiwe bapa la Kizungu, betri ambayo Tanga nzima haikuuzwa, na lile lililokuwa ndani ndilo lilikuwa limetumika mchana kutwa. Hilo halikunitisha. Nilijua mawe matatu makubwa ya redio yakipangwa mstari mmoja yanatoa nguvu ile ile na kudumu zaidi. Nilinunua sita, nikanunua na waya, nikalala nyumba ya wageni.

Siku ya pili nilipanda mlima tena mpaka Soni, na kutoka hapo lori la kurudisha matenga matupu likanifikisha Bumbuli. Nilitembea kilichobaki. Njia inapita mashamba ya chai, kisha miti mirefu, kisha vilima vya mahindi na maharage vilivyosimama wima kiasi kwamba mkulima analima akiwa ameegemea shamba lake. Moshi wa jioni ulikuwa umeanza kutoka majikoni nilipomwona dada kwenye kona ya njia, ndoo kichwani, anapanda taratibu. Nilikimbia kumpokea. Hakunipa ndoo kwanza; alisubiri salamu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda. Huko Lushoto wanakulisha redio?"

Ndoo ile ilinitesa mpaka nyumbani, na dada alitembea nyuma yangu akinionya nisimwage.

Jioni hiyo, Hoza akiota moto na kunisimulia upya jinsi tochi ilivyomtoka mdomoni, nilikaa jikoni kwa dada nikatengeneza mahali pa mawe. Nilikata kipande cha mwanzi kinene, nikayapanga mawe matatu ndani, nikaweka kisahani cha bati kila mwisho, nikavuta waya mbili mpaka kwenye taa. Chuma changu cha kulehemu nilikipasha kwenye makaa ya dada. Risasi ya kulehemu iliniishia nikiwa nimeshikisha ncha tatu. Ya nne, ile ya kwenye kisahani cha chini, niliisokota tu kwenye tundu na kuibana kwa kitambaa. Nilijua si kazi ya kujivunia. Nilijiambia nitakayeivaa ni mimi, nami nitaiangalia.

Asubuhi ya siku ya tatu tulipanda pangoni, watu watatu, na kamba ya katani, mshumaa na jembe dogo. Mlango wake ni upenyo kati ya miamba miwili mikubwa iliyoegemeana, umefunikwa na magugu. Hoza alitangulia kunionyesha njia mpaka mahali alipoangushia tochi, kwenye chumba chenye kimo cha mtu aliyechuchumaa. Maji yalisikika wazi nyuma ya ukuta. Njia pekee ya kuyaendea ilikuwa ufa ulio chini, mwembamba, unaoelekea kushoto. Hoza, ambaye tumbo lake ni sifa ya mapishi ya dada, aliutazama akanitazama.

Nilijifunga mwanzi kiunoni na kamba chini ya makwapa, nikavaa taa, nikaingia kwa tumbo. Nilienda urefu wa mwili wangu, na kidogo zaidi. Kisha mabega yakakataa. Nilijaribu kurudi, yakakataa pia. Sijui nilibaki hapo dakika ngapi. Mwanga ulikuwa mzuri kabisa, naona kila punje ya mchanga mbele ya pua yangu, na haukunisaidia chochote. Hoza alinishika miguu akanivuta, shati likabaki na bega moja likachubuka.

Dada, tuliyemwacha mlangoni, alikuwa ameingia mpaka chumbani aliposikia kelele. Alinifuta damu kwa pindo la kanga. Halafu akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo taa."

"Hapana dada. Tutatafuta njia nyingine."

"Njia nyingine naijua, naipanda kila siku na ndoo. Nipe."

Nilimtazama Hoza anisaidie. Alikuwa anatazama chini. "Mwembamba hapa ni yeye," alisema polepole. "Na mimi sijawahi kumshinda kwa neno."

Nilimfunga kamba, kisha taa. Mkanda wa mpira ulikuwa umekazwa kwa kichwa changu, nikaulegeza kwanza upite juu ya kitambaa chake. Nilimwonyesha swichi na globu mbili. Aliwasha ile kali, akafumba macho, akasema inamchoma. Akachagua ile ya kawaida. Mwanzi tuliufunga mgongoni kwa kanga. Nilitaka kumwambia kuhusu ile ncha ya nne, lakini alikuwa amekwisha kulala chini na kuanza kutambaa, jembe dogo mkononi.

Mwanga ulibaki kwenye ufa kwa muda, ukitikisika. Kisha ukapinda na kwenda. Mimi na Hoza tulibaki na mshumaa na kamba iliyokuwa ikiteleza viganjani mwetu. Tulimsikia akisema amefika penye nafasi. Tulimsikia akisema kuna matawi na udongo umeziba, na maji yanapita juu kwenda kwingine. Tukasikia jembe.

Kisha jembe likanyamaza.

"Taa imezimika," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyonitisha.

Nilijua ni ncha gani. Nililala chini na kuweka mdomo kwenye ufa. "Dada, ni kosa langu. Usisogee. Shika waya inayotoka kichwani, ifuate kwa vidole mpaka mgongoni. Zipo mbili. Moja haina mwisho imara."

"Nimeishika."

"Chini ya mwanzi kuna kibati chenye tundu. Ingiza waya humo, uisokote, kisha funga kitambaa juu yake."

"Mikono ina matope."

"Ifute kwenye kitambaa cha kichwani."

Hoza alikuwa amenishika mguu kama vile mimi ndiye niliyemo ndani. Nilisema maneno yale yale mara ya pili, ya tatu, polepole, kama dada alivyokuwa akinifundisha kufunga vifungo vya shati. Mwisho nilimsikia akivuta pumzi.

"Imewaka. Ni ya manjano, nzuri. Subirini."

Jembe likaanza tena. Baada ya muda tulisikia kitu kikianguka, kisha mvumo, na chini yetu, kati ya mawe yaliyokuwa makavu tangu mvua ile, maji mekundu ya udongo yakapita. Hoza alitia mkono ndani yake, akauacha humo.

Dada alitoka kwa miguu kwanza, matope mpaka kwenye kope. Nilimuuliza ameona nini.

"Mizizi myeupe imening'inia kama nyuzi za mfumaji. Mengine sikuangalia. Niliitazama mikono yangu inafanya nini."

Alasiri maji ya chemchemi yalikuwa yameanza kutakata, na wanawake wa jirani walikuja na ndoo kabla hatujawaita. Dada alikaa mlangoni akiwatazama wakipita, kachoka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akipikiwa na mumewe, bada, ugali wa muhogo uliojaa mabonge, na akaila yote.

Siku ya nne nilirudi. Taa niliiacha Mgwashi, ile ncha nikiwa nimeilehemu sawasawa kwa risasi niliyoletewa kutoka Bumbuli. Tangu hapo wengi wameniulizia taa za kichwani, hasa vijana wa machimbo, na nimejifunza kutowauliza kwanza wanataka mwanga mkali kiasi gani. Nawauliza nani ataivaa, atakaa humo muda gani, na mikono yake itakuwa inafanya nini. Na kila ncha ninayoifunga, nailehemu nikijua huenda asiyejua waya ataishika gizani.

Lakini nilichokibeba zaidi kutoka safari ile nilikipata njiani. Dada alinisindikiza mpaka penye mashamba ya chai, na nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua usiku kucha: taa ilipozimika, aliogopa?

"Niliogopa sana," alisema. "Ila nilikusikia huko nje unavyoongea. Nikasema moyoni, mtoto huyu akinikosa leo atalia mpaka awe mzee. Basi nikaitafuta waya."

Alinishika bega, upande usiochubuka, akageuka kurudi kwake.