Vitabu Viwili Visivyo na Picha

Hakuna kitabu kinachokaa Kigoma miaka mingi kisipate harufu ya ziwa. Kurasa hunywa unyevu wa masika, hukauka kiangazi, kisha hunywa tena, mpaka karatasi inanukia kama mkeka uliofuliwa ukaanikwa kivulini. Harufu hiyo ndiyo iliyotupokea mimi na Mjomba Rajabu tulipoingia sebuleni kwa Mwalimu Komba, pale Katubuka, mwanzoni mwa likizo ya Juni nilipokuwa darasa la tano. Mwalimu alikuwa amehamishwa, anarudi kwao Songea, na nyumba yake ilikuwa tupu, imebaki sauti ya miguu yetu tu. Katikati ya sakafu kulikuwa na vitabu kumi na viwili vimepangwa juu ya gunia. Vyote vilikuwa vya Kiingereza, na vyote vilihusu mazingaombwe.

Sisemi mazingaombwe ya jukwaani, ya ngoma na masanduku, yale yaliyokuja shuleni mara moja kwa mwaka tukapiga kelele mpaka koo zikauma. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mtu wa kiini macho cha karibu. Alikaa nawe mkekani, goti kwa goti, akachukua sarafu yako au kizibo cha soda, na kitu hicho kikatoweka mbele ya macho yako bila yeye kuinua sauti. Kazi yake ilikuwa bandarini, lakini watu wa mtaa walimjua kwa vidole vyake. Kisha, mwaka mmoja kabla ya likizo ninayoisimulia, kamba ya kufungia meli ilimbana mkono wa kulia. Mkono ulipona, ila vidole viwili vilibaki vimekakamaa kama vijiti. Tangu siku hiyo hakugusa karata. Tulipomwomba atufanyie japo kidogo alitabasamu, akaficha mkono ndani ya mfuko wa koti. Mama alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naye akajibu kwamba anayesema hivyo hajawahi kuwa mhunzi. Sikumsikia akisema neno kali kuliko hilo.

Mwalimu Komba ndiye aliyekuwa mtazamaji wake mkubwa, na vitabu vile aliachiwa na rafiki yake wa kigeni aliyewahi kufundisha naye. "Rajabu, chagua vitatu," alisema. "Vilivyobaki nimeshamwahidi mtu Tabora, atavipokea stesheni." Nilidhani mjomba atakataa. Badala yake alikunja suruali, akapiga magoti, akaniambia, "Wewe chagua kimoja. Mimi viwili." Hapo ndipo nilipojua kwa nini alinichukua mimi msichana siku ile badala ya kaka zangu. Mara kadhaa alikuwa ameniona nyuma ya nyumba nikijaribu kuficha kokoto kiganjani.

Mimi sikuchukua hata dakika mbili. Kulikuwa na kitabu kinene chenye picha za mikono kila ukurasa, mishale ikionyesha kidole kipi kiende wapi, na jalada lake liliahidi mamia ya miujiza. Nilikikumbatia. Mjomba alichukua asubuhi nzima. Alifungua kila kitabu katikati, akasoma aya moja taratibu, midomo ikichezacheza, maana Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini na alilazimika kukipasua kama kuni. Kitabu kilichojisifu alikirudisha upesi. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alinong'ona. Kilichoahidi kwamba kila mtu atashangaa alikirudisha pia. Nilipomuuliza anatafuta nini, alisema, "Namtafuta mwandishi aliyewahi kuaibika. Huyo ndiye ana la kuniambia." Mwishowe akabaki na viwili vyembamba, visivyo na picha hata moja, wala hapakuwa na mahali vilipoeleza kiini macho kinafanywaje. Kimoja kilikuwa na insha kuhusu macho ya watu, kwamba huenda wapi na kwa nini. Cha pili kilikuwa cha mzee mmoja akiwakumbuka watu aliowahi kuwafanyia, na alipowakosea. Pembeni mwa kurasa Mwalimu Komba alikuwa ameandika maelezo kwa Kiswahili, kwa penseli, herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Nilimwonea mjomba huruma. Niliona amebakiwa na nafasi mbili tu duniani, akazipoteza zote.

Wiki zilizofuata tulisoma kila alasiri barazani, upepo wa kiangazi ukipanda kutoka ziwani na kutufunulia kurasa kabla hatujazimaliza. Nilikaa na kamusi ya shule mapajani, yeye ananitajia neno, mimi namtafutia. Tulisoma insha zake kwanza, kisha kitabu changu. Za kwake nilizisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgeni anayechelewa kuaga. Kulikuwa na insha moja kuhusu vitu vya kuazima, kwamba unapochukua kitu cha mtu umechukua zaidi ya unachokiona. Pembeni Mwalimu alikuwa ameandika, "Siri ni ya nani, yangu au ya anayetazama?" Mjomba aliikazia macho sentensi hiyo muda mrefu, mimi nikapiga miayo. Zamu ya kitabu changu ilipofika niliamka. Hakuweza kunionyesha kwa mkono wake, kwa hiyo alinielekeza kwa maneno: shusha bega, tazama kule unakotaka watazame, usikimbie. Kabla likizo haijafika nusu niliweza kuificha pete ya shaba ya mama kati ya vidole, nikaonekana nimeiweka mkono wa pili, kisha nikaitoa ndani ya fundo la kanga. Mjomba alisema bado. Alisema mikono iko tayari, mimi mwenyewe siko tayari. Nilimwona ananionea wivu.

Siku moja katika majuma ya mbalamwezi, wakati mitumbwi haiendi kuvua usiku, nilifuatana na mama hadi soko la ufukweni Kibirizi. Yeye aliuza dagaa, na siku kama hizo wanawake hukaa kando ya vichanja wakichambua mzigo wa siku za nyuma na kuzungumza. Niliona watu wametulia, nikaona wakati wangu umefika. Nilimwendea Mama Tatu, jirani ya mama pale sokoni, mwanamke mpole aliyeniita mwana wanje, kwa Kiha, kama alivyowaita watoto wake wa kuzaa. Nilimwomba pete yake. Aliivuta kidoleni kwa shida, akanipa huku anacheka. Wengine wakasogea. Niliiweka mkononi, nikafumba, nikapuliza, nikafungua mkono mtupu, wakashangilia. Ni shangwe ile iliyoniponza. Niliinua macho kuwatazama, vidole vikalegea, na nilipofikia fundo la kanga yangu nilijua kwamba pete haiko popote mwilini mwangu.

Nilijitahidi kucheka. Nilifungua fundo, likawa tupu. Nilisema, "Subirini kidogo," nikaikung'uta kanga. Mama Tatu hakupiga kelele. Aliketi chini, akakishika kidole chake kilichobaki na alama nyeupe, akasema taratibu, "Ni ya marehemu, mwana wanje. Usinichezee sana." Hapo mama alifika. Alinitazama mara moja tu, akachukua chekeche la dagaa, akapiga magoti akaanza kuchekecha mchanga. Nilipiga magoti kando yake. Jua lilitupita kichwani, likaanza kuelekea milima ya Kongo, ndipo kitu kikagonga waya wa chekeche. Mama aliipangusa pete kwa kanga, akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

Pete ilipatikana, maneno hayakuokoteka. Tulipokuwa tunafunga mzigo nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba mtoto yule amefundishwa na mjomba wake, na kwamba mkono wa yule mjomba haukubanwa na kamba, ulilemazwa na yale anayoyafanya. Kwetu neno uchawi si neno la kutania. Kesho yake nafasi pande zote mbili za kichanja cha mama zilikuwa wazi, watu wamehamisha dagaa wao mbali. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu, wakapita. Mama alirudi nyumbani mapema, akamweleza kaka yake kila kitu mbele yangu, na mimi nikangoja kuchapwa. Mjomba hakunichapa. Aliuliza tu, "Kaka wa Mama Tatu yupo mjini?" Mama akasema yupo. "Basi awepo na yeye, ashuhudie kwa niaba ya ukoo wao," akasema.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Kibirizi watatu. Mjomba alivaa shati lake la Idi, akawasalimu wote, wazee kwa shikamoo, akamwomba ruhusa Mama Tatu na kaka yake, kisha akaketi mchangani na kutoa mfukoni nati ya chuma kutoka bandarini. "Wanasema naroga," alisema. "Njooni karibu, niwafundishe wote, mroge na nyie." Watu wachache walicheka kwa woga. Akautoa mkono ule ambao mwaka mzima hakuna aliyeuona. Alifanya kiini macho kile kile, polepole, na vidole vilivyokakamaa vikashindwa kuficha. Nati ilichomoza kati yao, kila mtu akaiona. "Mnadhani imekwenda huku," alisema. "Haikwenda. Iko hapa. Juzi pete ilikuwa hapa kwa binti yangu huyu, ikaanguka, kwa sababu ni mtoto na alitaka kusifiwa. Hakuna zaidi ya hapo." Akarudia mara ya pili, ya tatu. Mpagazi mmoja akaomba ajaribu, nati ikamdondoka mguuni, watu wakaangua kicheko. Kicheko hicho kilifungua kitu. Yule mwanamke aliyesema maneno alijaribu naye, akaweza vizuri kuliko mimi.

Nilisimama nyuma ya mama nikilia. Nilijua, hata kwa umri ule, alichokuwa amekitoa. Siri ile aliitunza tangu ujana wake, na sasa ilikuwa imetapakaa Kibirizi nzima pamoja na aibu ya mkono wake. Njiani kurudi nilimwambia nisamehe. Akasema, "Yule mzee wa kwenye kitabu alimficha mtu siri miaka mingi, akampoteza rafiki. Nimesoma kosa lake ili nisilirudie." Jioni nilikifungua mwenyewe kile chembamba cha insha, nikaisoma insha ya vitu vya kuazima neno kwa neno, bila kupiga miayo.

Likizo ilipokaribia kwisha Mama Tatu aliniita. Nilikuwa namkwepa, napita nyuma ya vichanja. Alivua pete, akaninyooshea. "Haya, fanya tena. Safari hii sitaki kujua iko wapi." Nilimwambia ameshajua, mjomba amewaonyesha wote. "Nimesahau," akajibu, na uso wake ulionyesha amekusudia kusahau. Nikaifanya. Sikutazama watu, nilimtazama yeye. Nilimwomba afungue fundo kwa mkono wake, akafungua, akaikuta pete, akacheka sana. Kisha akaivaa na kusema, kana kwamba anaongea na bahari ile ndogo iliyo mbele yetu, "Laiti aliyenivisha naye angerudi hivi." Niliketi kando yake nikamsaidia kuchambua dagaa mpaka mama aliponiita.

Mjomba ameshafariki. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na siku za Jumamosi nafanya kiini macho katika wodi ya watoto, kitanda kwa kitanda. Vijana wa hapa Kigoma wakisikia nina vitabu huja kuniuliza waanze na kipi. Siwalaumu wanaponionyesha simu zao. Jambo lililonigharimu nusu ya likizo wao hulijifunza mchana mmoja, na hufanya kwa ustadi ambao sikuwa nao hata nilipokuwa mtu mzima. Siri siku hizi haina bei, kila mtu anaigawa bure kwa watu asiowajua, wala hakuna anayeumia kuitoa. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja mwenye vidole vyepesi ajabu. Alinifanyia viini macho kumi mfululizo, akaomba kitabu cha nadharia, cha kufikiri, kwa sababu cha mbinu hahitaji tena. Nilimuuliza mtu wa mwisho aliyemfanyia alikuwa nani. Alifikiri, akasema kwa kweli hajawahi kumfanyia mtu, yeye hufanyia kamera.

Nilimwambia vitabu havikimbii. Aende kwanza akamfanyie mtu mmoja, amtazame usoni, arudi anieleze alichokiona. Niliamini sitamwona tena. Juzi alirudi. Alisema alimfanyia bibi yake kule Ujiji, akiwa ameketi naye jikoni. Sarafu ilitoweka bila kosa hata moja, lakini bibi hakushangaa. Alikishika kile kiganja kitupu, akakipapasa, akamuuliza kama amekula. Kijana alikuwa amekasirika kidogo. Alitaka kujua amekosea wapi. Nilimvutia kiti, nikamwambia akae tuanzie hapo.