Kimya cha Mashine ya Saba

Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, huandika programu za kompyuta, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni kazi ya watu wasiotaka kuchafua mikono. Mimi ni fundi wa mashine za hospitali. Hasira zangu ziko karibu, bisibisi yangu iko mfukoni. Nilibadili mawazo wiki aliyozaliwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, miezi miwili kabla ya siku zake.

Walimlaza katika mashine ya joto namba saba. Mashine zilikuwa kumi na mbili, zote zikipeleka taarifa za mapigo na pumzi kwenye kioo kimoja mezani kwa wauguzi. Programu ya zamani ilizunguka kama mgeni anayesalimia watu mmoja mmoja: inauliza ya kwanza, inangoja jibu, ndipo iende ya pili. Asubuhi moja waya wa namba nne ukalegea. Programu ikaganda hapo ikingoja, na kioo kikabaki kinaonyesha namba za zamani, nzuri kabisa, kwa dakika ishirini. Hakuna mtoto aliyedhurika, lakini binti yangu alisikia. Tangu hapo hakufumba jicho. Siku mbili alikaa akikodolea kifua cha mwanawe, akihesabu pumzi. Muuguzi mkuu akamsihi, mimi nikafoka, wapi!

Mkwe wangu akaja, akaisoma ile programu, akasema atatumia maktaba. Nilichemka. Watoto wako hatarini, yeye anakwenda kusoma vitabu? Aliniacha nimalize, kisha akanieleza kwa upole kwamba maktaba yake ni programu zilizokwisha kuandikwa na wengine kwa kazi moja tu, kusubiri. Huzunguki tena kuuliza mashine moja moja. Unaiorodheshea maktaba hiyo mashine zote, inatulia, na yoyote ikisema neno inakugutua papo hapo. Unalipokea haraka, unarudi kusubiri.

"Na isiyosema?" nikauliza.

"Hiyo nayo naiandikisha, Baba. Sekunde tano za kimya ni habari kama habari nyingine."

Nilinywea. Miaka thelathini natengeneza vitu vinavyopiga kelele, sijawahi kuwaza kwamba kimya nacho kinaweza kuita mtu.

Kesho yake alasiri tukaijaribu programu yake mpya. Nilichomoa waya wa taarifa wa namba nne, ambayo haikuwa na mtoto. Nyingine kumi na moja ziliendelea kwenye kioo bila kusita, na baada ya sekunde tano nne ikawaka nyekundu, kengele ikalia. Nilibaki mdomo wazi, mzee mzima. Kompyuta moja, na watoto kumi na mmoja wanasikilizwa kwa pamoja, kila mmoja kana kwamba yuko peke yake duniani.

Binti yangu, kando ya namba saba, hakugeuza hata shingo.

"Wifi," akasema, "chomoeni ya saba."

Mkwe wangu aliniangalia. Waya ule haugusi joto wala hewa, nalijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado niliufuata kwa kidole hadi mwisho kabla ya kuushika. Nikachomoa. Binti yangu akahesabu kwa sauti. Alipofika tano kengele ikalia, na muuguzi mkuu, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, akaja mbio.

Niliinama kurudisha waya. Nilipoinuka kengele ilikuwa bado inalia, na binti yangu, kichwa ukutani, alikuwa amelala.