Kikohozi cha Mkorosho

Juzi, kwenye duka la dawa pale Mkomaindo, mzee mmoja mwenye vumbi la njano kwenye nyusi aliomba dawa ya kikohozi. Harufu ya salfa iliyotoka kwenye shati lake ikanirudisha nyumbani kwetu Mnyambe, mchana mmoja nikiwa mdogo.

Baba alikuwa ametoka kupulizia mikorosho unga wa salfa. Alikaa barazani akikohoa, na mama akamchemshia tangawizi, akakamulia ndimu na kutia asali. Mimi nilijua salfa ni dawa, na kwamba mikorosho yetu inaumwa. Sasa mbona anayekohoa ni baba? Nikaamua kwamba wenye kikohozi ni mikorosho, na ukiipa dawa, kikohozi huihama kikamwingia aliyeitibu.

Nikaenda kuhakikisha. Niliukumbatia mkorosho wa nyuma ya jiko, nikabandika sikio kwenye gome na kusikiliza. Kimya. Nikarudi mbio.

“Mama, mkorosho umepona! Haukohoi tena. Amebaki baba peke yake.”

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Mama hakucheka. Alinifuta shavu, akautazama ule unga wa njano kidoleni mwake, kisha akamgeukia baba.

“Baba Zuhura, kesho hutoki hivyo.”

Leo najua kikohozi kilitoka kwenye salfa yenyewe. Nadhani mama alilijua hilo palepale, maana kesho yake baba alibeba mashine ya kupulizia akiwa amefungwa kanga ya mama puani na mdomoni: ile kanga mpya ya sikukuu ya Idi, ambayo mimi nilikuwa sijaruhusiwa hata kuigusa.