Opereta wa Kisii Anayesubiri Simu Yake Mwenyewe

Kisii, 1972. Ijumaa jioni, kaunta ya stempu imefungwa, lakini Drusilla Kemuma bado ameketi kwenye benchi la wateja wa simu, macho dirishani. Nje, jua limeinama upande wa Suneka. Likizama, Sabato imeingia, naye hatagusa simu tena mpaka lizame kesho.

Ajabu ni kwamba Drusilla ndiye opereta wa hapa. Miaka minne sasa anachomeka waya ubaoni na kuunganisha sauti za watu wengine. Leo amepanga foleni, maana opereta haruhusiwi kujiunganishia simu.

"Mimi ndio huambia watu wangoje," anasema, akijaribu kucheka.

Binti huyu wa mkulima wa chai wa Nyamira, mwenye miaka 26, ameomba ufadhili wa kusomea uhandisi wa simu ng'ambo. Amerika ingemdai nauli, na kwa mshahara wa shilingi 320 kwa mwezi, hiyo ni ndoto ya mchana. Moscow angeanza na mwaka mzima wa Kirusi. India inalipa kila kitu. Ila nafasi imebaki moja, na usaili ni Nairobi, kesho Jumamosi.

Baba yake, mzee Obadiah Ongeri, ni shemasi wa Waadventista. Hakugomba.

"Tata aliniambia, 'Nyasae, Mungu wetu, hajakufunga kamba. Chagua mwenyewe,'" anasema Drusilla. "Heri angenipigia kelele."

Posta nzima inajua mapatano yake na mwenzake Thadeus Mogire, Mkatoliki. Thadeus humshikia zamu ya Jumamosi; yeye humshikia ya Jumapili aende misa. Hawajawahi kukosana, isipokuwa Pasaka moja ambayo wote wawili wanakataa kuieleza.

Kwa kuwa ameamua kuitunza Sabato, asubuhi Drusilla aliomba Nairobi wamsaili Jumapili. Waliahidi kujibu leo. Kila kengele ikilia, anainuka nusu, kisha anaketi.

Jua limegusa kilima Thadeus anapotoa kichwa mlangoni. "Dada, Nairobi! Kimbia!"

Kupitia kioo cha kibanda anaonekana akisema neno moja moja, kisha akisikiliza. Anatoka kibandani na kuwaeleza waliopo majibu.

Jumapili imekataliwa, wasaili watakuwa safarini. Lakini wamekubali kumhoji kwa simu kesho jioni, mradi awapate kabla ya saa moja, wanapofunga ofisi. Jua la Kisii huzama saa moja ikikaribia, na laini ya Nairobi ina foleni siku zote. Inamtia hofu hata anayesimuliwa tu.

"Si uanze mapema kidogo?" anauliza mama mmoja kwenye foleni. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua, mama."

Thadeus anajikuna kidevu. "Na mimi nikiomba hiyo laini mapema, dhambi ni yangu ama ni yako?"

Drusilla anageukia dirisha. Anaitaka India, machozi yanamlengalenga.

"Ngoja, Thadeus," anasema. "Ngoja mpaka lizame."

Akifaulu, anataka kurudi kujenga laini ya pili ya Nairobi, ili foleni hii ipungue. Kesho, baada ya kanisa, atasimama na baba yake kwenye ngazi za posta wakitazama magharibi. Ndani, Thadeus atakuwa ameshika waya, akisubiri kuitwa.