Karavani ya Kibenga

Jumatatu nilikwenda kwa fundi mmoja wa mtaa wa Asiatique kumuuzia karavani yetu ya Kibenga, chumba cha bati kisicho na magurudumu ambamo familia yangu ilikula Noeli miaka tisa mfululizo, kando ya ziwa. Fundi aliuzungusha ufunguo kidoleni, kisha akaurudisha taratibu juu ya meza.

"Mzee, we umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Mutu hawezi kuuza karavani mbele ya Noeli hivi hivi. Kule kutapigwa siku gani?"

"Mke wangu amefariki. Yeye ndiye aliyeipenda."

Akanipa pole, akainamisha kichwa kwa heshima, halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Lakini siku gani?"

Tangu vita vianze, katika mji huu anayeuza hudhaniwa amepata habari ya shambulio. Jirani akitoa godoro nje, mtaa mzima unafunga mizigo. Mwishowe fundi aliichukua karavani, kwa sharti kwamba aipakie kwenye lori siku hiyohiyo.

Jioni binti yangu, ambaye tayari alikuwa amewanunulia watoto wake nguo za kuogelea, alinijia nyumbani kwangu, Ngagara.

"Papa, Noeli tuliipanga kule. Mama angetaka. Kwa nini umeuza?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba siwezi kukaa kwenye meza ile bila mama yake. Nikamwambia nimesikia kule kutapigwa. Aliniamini mara moja, akaanza kuhesabu viti vya hapa nyumbani.