Daktari wa Mabegi Afa Ganzi

Kibao cha karakana yangu kimeandikwa DAKTARI WA MABEGI, na ni vyema niseme mapema kwamba cheo hicho nilijipa mwenyewe. Hakuna aliyenisomesha wala kunitahini. Nilianza na kubadilisha zipu, nikapanda kwenye mikanda ya mabegani, nikaingia kwenye magurudumu ya masanduku ya safari, na nilipotimiza miaka ishirini kazini nikaona neno fundi limenibana. Nikanunua rangi nyekundu, nikaandika kibao.

Karakana yenyewe ni kijisehemu chini ya ngazi, katika jengo la ghorofa tatu lenye ofisi ya kupiga chapa na duka la miwani. Mtu mrefu lazima ainame kuingia. Mimi siinami. Nina cherehani mbili, moja ya nguo na moja ya ngozi, bati la sindano, ndoano za kutundikia mabegi yaliyopona, na maneno mengi. Mteja akileta begi lenye ugonjwa mmoja, anaondoka ameelezwa magonjwa manne.

Ugonjwa niliokuwa nikiupenda kuliko yote ni mkanda wa kiunoni. Mabegi makubwa ya kupandia milima yana ule mkanda mpana uliojazwa sponji, unaofungwa mbele kwa kifungo cha plastiki. Watu walikuja wakilalamika kwamba unaning'inia, kwamba unanasa kwenye mlango wa gari. Nikawa nawaambia, "Huo ni urembo tu. Kazi ya begi iko mabegani." Halafu nashika mkasi. Minne kati ya mikanda hiyo niliishona pamoja ikawa mto wa kiti changu, na kwa miaka mitatu nimeikalia huku nikitoa ushauri.

Mke wangu anafundisha hesabu shule ya sekondari. Watoto wetu ni mapacha, kwa hiyo dunia nzima inamwita Mama Pacha, nami nimekuwa Baba Pacha mpaka leo, ingawa mapacha wenyewe wameshaota ndevu. Ana kikundi cha walimu wenzake wanaopanda vilima wakati wa likizo. Mwaka huo walipanga safari ya siku mbili: kupanda mlima siku ya kwanza, kulala kwenye kibanda cha wasafiri, kushuka siku ya pili. Mwalimu mmoja akaugua jino, nafasi yake ikabaki wazi.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Baba Pacha, wewe ukipanda kwenda duka la miwani unapumzika katikati ya ngazi."

"Napumzika kwa sababu sina mzigo uliofungwa vizuri. Mwenye begi zuri hachoki."

Alinitazama kama anavyotazama jibu ambalo mwanafunzi hakuonyesha njia. Lakini hakubisha. Nadhani alitaka kuona.

Begi nililokwenda nalo niliachiwa na mteja aliyehama mji. Mkanda wake wa kiunoni niliukata siku nyingi. Mikanda ya mabegani nayo niliibadilisha, nikaweka myembamba niliyodhani inapendeza zaidi. Kufungasha nilifungasha mwenyewe, nikakataa msaada. Chini kabisa niliweka nguo. Mfuko wa nje, ule unaokaa mbali na mgongo, niliujaza vifaa vya kazi: nyundo, koleo, sindano za ngozi, kopo la gundi, ili begi la mtu likikatika mlimani, daktari awepo. Makopo ya maharage nikayapanga juu. Chupa mbili za maji nikazining'iniza nyuma, zikawa zinagongana kama njuga. Muuza chuma chakavu wa jirani akanipimia kwenye mizani yake: kilo kumi na tisa.

"Unahama?" akauliza.

Saa ya kwanza ya safari nilitembea mbele, nikiwaeleza walimu aina za mishono. Saa ya pili niliacha kuongea, nao hawakulalamika. Mabega yaliwaka moto. Begi lilikuwa linanivuta nyuma, mimi nalivuta mbele, nikawa nimeinama kama mtu anayetafuta sindano njiani. Saa ya tatu vidole vilianza kuwasha, halafu vikatulia, nikafurahi kwamba vimepona. Mwalimu mmoja akanipa kikombe cha chai. Nilikiona kikianguka. Sikukisikia kikinitoka mkononi.

Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwepo, umening'inia pale pale, lakini kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeniazima.

"Mama Pacha," nikaita kwa sauti ya mtu anayeaga. "Mkono wa kushoto umekufa. Ni moyo."

Akaja haraka. Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. "Kifua kinauma?"

"Hapana."

"Unahema kwa shida?"

"Kama wenzangu."

"Na mkono wa kulia?"

Nikajaribu kukunja ngumi. "Na wenyewe unakufa."

Akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo akiangalia saa yake. Akahesabu tena. "Mapigo yako sawa. Na kama ni moyo, basi unayo miwili."

Sikumwelewa, maana nilikuwa nimeshaanza wosia. Nilimwambia cherehani ya ngozi apewe mdogo wangu, ila asiiazimishe kwa mtu. Nilimwambia ile ya nguo inataka mafuta kila Ijumaa. Akanijibu "sawa, sawa," huku akimpungia mkono mpagazi aliyekuwa mbele yetu.

Mpagazi huyo alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, aliyebeba sufuria na nusu ya chakula cha kikundi. Wenzake walimwita Kamanda. Akashuka kwa hatua fupi fupi, bila kuhema.

"Shikamoo, mzee."

Nina miaka arubaini na saba. Nikaitikia marahaba kwa unyonge.

"Vua begi kwanza. Wosia utaendelea baadaye."

Nikavua. Nikakaa juu ya jiwe, mikono mapajani. Baada ya dakika chache wakaja siafu, maelfu, wakitembea ndani ya mikono yangu kuanzia kwapani mpaka kwenye kucha. Ilikuwa karaha, na ilikuwa tamu, kwa sababu nilikuwa ninasikia. Kamanda alikuwa amelipindua begi langu, analikagua chini.

"Mkanda wa kiunoni uko wapi?"

Maishani nimedanganya kwa mambo madogo zaidi ya hilo. "Ulikatwa."

"Mpumbavu gani aliukata?"

Mke wangu akageuka kutazama bonde. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Kuna fundi mmoja," nikasema.

"Ukirudi mtafute, mzee. Mwambie alikutwisha mzigo wote mahali pasipostahili." Akanigusa kwa kidole juu ya mfupa wa bega, karibu na shingo. "Hapa chini inapita mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Ukiikandamiza na kamba nyembamba kama hii kwa saa tatu, mkono lazima ufe ganzi. Wanaobeba ni hawa." Akajipiga kwenye mifupa ya nyonga. "Mabega kazi yao ni kushikilia tu begi lisianguke nyuma."

Nikaukumbuka mto wa kiti changu. Nyonga nilizipa heshima zake, ila nilizipa nikiwa nimekaa.

Kamanda akamwaga vitu vyangu vyote kwenye majani. Akainua nyundo.

"Hii ni ya nini?"

"Dharura."

Akaitazama, akanitazama, akaiweka chini taratibu. Akapanga upya: nguo na blanketi chini, vifaa vizito katikati, vikiegemea mgongo kabisa, vyepesi juu, chupa za maji ndani, moja kila upande. Walimu wakagawana maharage. Halafu akaomba mtandio wa mke wangu, wa maua ya zambarau. Akaufungia sweta langu ndani likawa pana na laini, akapenyeza ncha zake kwenye mishono ya chini nilikoukata mkanda, akakaza.

"Anza kufunga kiunoni, begi likae juu ya mfupa, siyo tumboni. Kisha ndiyo uvute mabega, kidogo tu. Ukiweza kupitisha kidole chini ya mkanda wa bega, umefunga vizuri. Kila baada ya muda yalegeze, kunja na kunjua vidole. Vikianza kuwasha usisubiri vife, tua begi. Umeelewa, mzee?"

Nilikuwa nimeelewa. Mzigo uleule, ukiondoa maharage, sasa ulikuwa umekaa kiunoni kama mtoto aliyebebwa na mtu anayejua kubeba. Nilifika kibandani wa mwisho, lakini nilifika na mikono yangu, na kikombe cha pili cha chai sikukiangusha. Katika picha ya kikundi mimi ndiye mwenye sketi ya zambarau.

Nyumbani nilikuta jambo halijaisha. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto viliendelea kuwa vizito, na fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ni mpambe wa cherehani tu. Nikaenda kliniki. Daktari, yule wa kweli, alinipima nguvu za mikono na shingo, akasema mishipa ilibanwa na itarudi, nisibebe kitu begani, na nisipopata nafuu baada ya wiki tatu, au mkono ukilegea, nirudi upesi. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia. Akaandika bila kucheka, nikamheshimu kwa hilo. Kwa siku kumi na mbili mke wangu alinitungia nyuzi kila asubuhi kabla ya kwenda shule, sindano ishirini, bila kusema neno. Ningependa zaidi angesema.

Nilipokaa na vile vidole vizito ndipo nilipoanza kuwafikiria watu niliowakatia mikanda. Ninaandika namba za simu za wateja wangu kwenye daftari. Nikawapata kumi na mmoja, nikaanza kuwapigia. "Nilikukatia mkanda wa begi, nilikosea, lete nikurudishie." Mmoja alicheka. Mmoja alisema begi lilishaliwa na panya. Wa saba alikuwa mpima ardhi mstaafu, ambaye bado huzunguka mashambani akibeba vyombo vyake mgongoni.

"Unajua mkono wangu wa kulia una mwaka mzima unakufa ganzi?" akasema. "Nimepigwa picha ya shingo. Nimebadilisha mto wa kulalia. Nimeacha chumvi."

Nilimwambia siwezi kujua kama ni begi, ila aende kliniki akawaeleze habari ya begi, kisha aniletee. Nilinunua sponji ngumu na utepe mpana, nikamshonea mkanda mara mbili, maana wa kwanza ulikaa tumboni. Nilimpima kiuno na mgongo kama ninayemshonea suti. Tukajaza begi makopo ya rangi, akapanda nalo ghorofa tatu na kushuka, mimi nikimfuata nyuma kama mkwe mwenye hatia.

Baada ya miezi miwili akarudi, akainama, akaingia chini ya ngazi. Alinyoosha mkono wa kulia, akafungua na kufunga vidole mbele ya macho yangu.

"Umerudi karibu wote," akasema. "Kliniki wanasema begi lilichangia. Sasa nina nafasi ya kukasirika."

Akavuta kiti cha wateja, akanigombeza nusu saa nzima, kwa mpangilio, mwezi baada ya mwezi, kuanzia siku nilipomwambia ni urembo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Alipomaliza akatoa kipochi cha mkewe chenye zipu iliyokwama, akakiweka mezani, akaniambia nitengeneze zipu na nisiguse kitu kingine chochote.