Mfukiza Meno wa Puge

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. Hapana, nakosea. Kumi na saba ndio mwaka nyuki walipohamia kwenye mnara wa kengele pale Puge, na Mektilda alikuwa mzima bado, maana ndiye aliyewacheka Wakatoliki wenzake walivyokimbia misa wamejifunika kanga kichwani. Basi ulikuwa kumi na nane, mvua zilipochelewa na watu wakapanda mtama mara mbili. Mwaka huo ndipo Silasi Lugembe, mumewe, alipoacha kufukiza meno.

Silasi alikuwa Mnyamwezi wa Puge hapo hapo, Mmoraviani wa kubatizwa utotoni, mrefu, mtaratibu, mwenye miguu isiyotulia. Shamba la karanga na viazi lilikuwapo, lakini lilikuwa shamba la Mektilda mkewe kuliko lake. Riziki ya Silasi ilikuwa barabarani. Puge hadi Ziba, Ziba hadi Choma, kila penye mnada wa ng'ombe ungeiona baiskeli yake imeegemezwa mahali penye kivuli, na nyuma yake kimefungwa kibuyu kikubwa kilichokatwa kitako na kutobolewa juu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anapasha jiwe kwenye makaa mpaka linakuwa jekundu. Analiweka katikati ya bakuli lenye maji kidogo, jiwe likichomoza juu. Anatoa mfukoni mbegu kavu za ndulele, yale matunda ya njano ya magugu yenye miiba ambayo hata mbuzi huyakwepa, anazichanganya na samli, anazimwaga juu ya jiwe. Moshi ukianza kupanda anafunika kibuyu, anachomeka mrija wa jani la mpapai kwenye kile kitundu, na mgonjwa anauweka mrija kinywani, upande wa jino bovu, kichwa kimefunikwa blanketi. Jasho na ute vinamtoka, anakohoa, analia. Kisha Silasi anafunua kibuyu, na ndani ya bakuli, juu ya maji, wanaelea wadudu. Weupe, wadogo, wamejikunja. Hao ndio waliokuwa wanatafuna jino.

Siku moja mnadani Ziba alimfukiza Octavian, mchinjaji, jitu la miraba minne. Watu walikuwa wamejaa.

"Jamani njooni! Leo ng'ombe wamepata wa kuwalipia kisasi!"

"Octavian, usilie, mkeo yuko pale anauza nyanya!"

"Nyamazeni, wajinga nyie," Octavian alinguruma chini ya blanketi. "Mzee, fanya upesi, hawa watanikata mishikaki."

Kibuyu kilipofunuliwa watu walipiga kelele kama goli limefungwa. Octavian aliinama kwenye bakuli akawatazama wale wadudu kwa muda mrefu, kama mtu anayemtambua mwizi wake. Akagusa shavu. Maumivu yalikuwa yamepungua, maana moshi ule una ganzi yake. Alimpa Silasi maini na mapafu, vikafungwa kwenye jani, naye Silasi akapanda baiskeli akaondoka zake.

Mtu asije akadhani Silasi alikuwa tapeli. Aliamini kazi yake kama anavyoamini kuwa jua litachomoza upande wa Igunga. Aliipata kwa mjomba wake, naye mjomba alisema ilikuja na wapagazi wa zamani, wale waliopita njia hii wakiwa na pembe mabegani, wengine wakianguka na kuachwa kando ya njia wenzao wakisonga mbele. Mpita njia ana bahati hiyo moja, haoni kesho ya mahali alipolala. Silasi naye alifukiza, akashukuriwa, akaenda. Waliopona waliimba sifa zake. Ambao hawakupona hakuwasikia.

Basi Mektilda alikuwa na jino, gego la chini upande wa kulia, lenye tundu ambamo karanga nzima ingeweza kukaa. Alikuwa mpenzi wa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa, vitamu kama asali na vinang'ang'ania kwenye meno kama gundi. Akilala, huku shavu moja limevimba kwa chakula, Silasi humwambia, "Mama, unalala na ghala mdomoni," naye hujibu, "Ghala lako liko wapi, na wewe kila siku uko kwa watu?"

Jino lilipoanza kuuma, Silasi alilifukiza. Likatulia, likarudi. Akalifukiza tena, akasema kulibaki yai. Safari hii lilirudi kwa hasira. Mektilda hakulala, alikaa akijipigapiga kichwa kwa kiganja. Asubuhi akamwambia mumewe, bila utani:

"Baba, nipeleke mjini wakaling'oe."

"Mjini?"

"Hospitali. Sixbert ana pikipiki, atatupeleka."

Silasi aliweka chini kikombe cha uji. "Mama, na watu watasema nini? Mke wa mfukiza meno amekwenda kung'olewa jino kwa daktari. Nitamfukiza nani tena kutoka hapa hadi Choma?"

"Kumbe ninaumwa na jina lako," alisema Mektilda.

"Nikufukize mara moja tu. Ya mwisho. Likikataa, twende."

Mektilda alimtazama, akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. "Haya, mganga. Wahenga walisema mganga hajigangi, hawakusema chochote juu ya mkewe."

Akafukizwa. Wadudu walitoka wengi kuliko siku zote. Na maumivu yakakatika, yakaisha kabisa, sio kupungua. Mektilda alikula ugali jioni ile kwa pande zote mbili za kinywa, akakiri mbele ya majirani kuwa mume wake ni fundi. Silasi alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Zikapita siku chache za heri. Kisha shingo ikaanza kujaa chini ya kidevu. Kwanza upande mmoja, halafu pande zote mbili, na palikuwa pagumu kama ubao ukipagusa. Jino lenyewe haliumi, ndiyo maana hawakulifikiria. Silasi alidhani ni mafindofindo, akachemsha majani. Siku iliyofuata ulimi wa Mektilda ulikuwa umeinuka hauwezi kushuka, mate yanamdondoka, sauti inatoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Akilala anakabwa. Akakaa kitako ameegemea ukuta, macho yamemtoka, na kwa mkono akaonyesha njia ya mjini.

Sixbert, jirani wa mlango wa pili, aliwasha pikipiki. Walimkalisha Mektilda katikati, Silasi nyuma akimshikilia. Njiani Sixbert aliendelea kuuliza, "Anapumua?" na Silasi akajibu, "Anapumua. Kimbia." Mahali fulani kabla ya kufika mjini, Silasi alisikia ile pumzi ikipiga mluzi, kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

Hospitali waliwapokea mbio. Walimpasua chini ya taya kuutoa usaha, wakahangaika kumwekea mpira wa kupumulia. Silasi aliambiwa akae kwenye benchi. Jua halijafika utosini alikuja mwanamke wa makamo, koti lina madoa, akaketi benchini pembeni yake badala ya kusimama mbele yake. Silasi akajua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama tumempoteza."

Yule mwanamke aliitwa Zabibu, daktari wa meno. Angeweza kuondoka, wagonjwa walikuwa wanamngoja, lakini alibaki, kwa sababu Silasi alimwuliza jino linauaje mtu wakati limeshaacha kuuma.

"Mzee, jino linaoza," alisema Zabibu. "Vitamu tunavyokula vikibaki kwenye meno, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavila, vinatoa uchachu, na uchachu unalila jino polepole. Tundu likiwa dogo tunalisafisha, tunaliziba, mtu anarudi nyumbani kwake. Likiingia mpaka kwenye kiini, hapo ndipo mtu halali. Bado lina dawa. Tunatibu mzizi, au tunaling'oa."

"Lilikuwa limetulia. Alikula ugali."

"Likitulia lenyewe namna hiyo, hapo ndipo pa kuogopa. Kiini kimekufa. Aliyekuwa anapiga yowe amekufa, mzee, si kwamba mwizi ameondoka. Usaha unashuka kwenye mfupa, unatafuta pa kutokea. Kwa mama ulitokea shingoni."

"Na wadudu?" Silasi aliuliza. "Wale wakubwa. Mimi ndiye ninayewatoa. Nimewatoa kwa macho yangu haya."

Zabibu alimtazama upya, mikono, nguo zinazonuka moshi. Hakupandisha sauti. "Bibi yangu pia alifukizwa," alisema. "Mzee, ukipata nafasi, fukiza siku moja bila mtu. Weka kibuyu tu."

Silasi alidhani anadhihakiwa, na siku ya msiba.

Walimzika Mektilda Puge, katekista akisoma, Wamoraviani wakiimba upande wao na Wakatoliki upande wao, kama walivyoishi. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, Recheli, binti yao, akarudi kwa mumewe Tabora. Silasi akabaki na kuku na ule uwanja mtupu. Ndipo adhuhuri moja, jua kali, alikoleza makaa.

Alipasha jiwe. Aliosha bakuli, akaliosha tena, akamimina maji safi ya kisima. Akamwaga mbegu na samli, akafunika kibuyu, akachomeka mrija. Mrija haukuingia kinywani mwa mtu yeyote. Ulikaa tu, ukivuta moshi angani, na yeye akakaa mbali nao, mikono kwenye magoti.

Alipofunua, wadudu walikuwapo.

Alimwaga maji, akaanza upya. Wakawapo tena, weupe, wamejikunja, wengi. Akachukua mbegu moja ambayo haijaungua, akailoweka, akaibana kwa ukucha wa gumba. Ganda likapasuka na ndani yake akatoka yule yule, mweupe, amejikunja: kiini cha mbegu, ambacho moto unakirusha nje ya ganda kama unavyorusha bisi. Alikuwa anawabeba mwenyewe mfukoni. Miaka yote anawachukua kutoka Puge, anawapeleka Ziba, anawaonyesha watu mnadani, na watu wanapiga makofi.

Sixbert alimkuta bado amekaa pale, makaa yamekuwa majivu.

"Mzee Silasi, umekula?"

"Sixbert, njoo uone mdudu aliyemwua mke wangu."

Sixbert alichungulia bakuli. "Ni mkubwa," alisema kwa heshima.

"Si mdudu. Ni mbegu."

Sixbert hakuelewa, na Silasi hakuwa na nguvu ya kumweleza.

Waliokuja kufukizwa aliwarudisha. Mama mmoja alikuja amebeba mtoto anayelia, Silasi akamwambia, "Mpeleke mjini, mwanangu, waliangalie hilo jino. Leo hii, wala usingoje litulie." Yule mama alikwenda akisonya, akawaambia wenzake kisimani kuwa mzee siku hizi anaringa, msiba umempa kiburi. Kibuyu alikivunja akakiwasha. Kilikuwa kimekauka kwa moshi, kikashika moto upesi.

Lakini kuvunja kibuyu hakukumpa usingizi. Maana kama Mektilda alikuwa mmoja, wengine ni wangapi? Wangapi walitaka kwenda mjini, naye akawaambia subiri, limeshapona, nimewatoa wote? Nyuso zilimjia moja moja, kila uso na jino lake. Mwishowe alifunga mlango, akapanda baiskeli, akashika njia ile ile, safari hii hana mzigo.

Puge hadi Ziba alibisha hodi nyingi. Mmoja alifungua kinywa akamwonyesha pengo. "Nililing'oa mwenyewe kwa koleo, mzee, dawa yako ilikuwa ya siku mbili." Wengine walicheka, wakamkaribisha uji. Bibi mmoja alimshukuru mpaka akamshika mikono, na shukrani ile ilimwuma kuliko matusi. Kila penye mtu aliye hai alishusha pumzi, akasema, nenda hospitali wakutazame, akapanda tena baiskeli.

Choma aliifikia asubuhi. Kulikuwa na boma moja nje kidogo, lililozungushiwa ua wa minyaa, la wafugaji Wasukuma. Msimu wa mavuno uliopita walimletea mnadani mkamwana wao, Paskazia, ameolewa karibuni, shavu limejaa, haya zimemzidi hata kufungua kinywa hataki. Baba mkwe alitaka kumpandisha kwenye gari la maziwa wakamtibu mjini. Silasi ndiye aliyesema hakuna haja.

Uani alikuwapo mama mwenye nyumba, amekaa chini, anabangua karanga kwenye ungo.

"Mwangaluka, mayo," Silasi alimwamkia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Alimtazama vizuri. "Wewe si ndiye wa kibuyu?"

"Ndiye."

Mama akainuka, akamletea kigoda, akamletea maji kwenye kata, akamngoja anywe, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Kisha akarudi kwenye ungo wake. Silasi aliishika ile kata tupu, akauliza. Mama aliendelea kubangua, kichwa chini, maganda yakianguka. Baba mkwe alitokea mlangoni, akasikia, akasimama kidogo, akapita katikati yao kwenda zizini. Hawakumfukuza. Jua lilipanda, kivuli cha minyaa kikamwacha Silasi na kigoda chake nje, naye akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na hakuna aliyemjibu, wala siku ile wala nyingine:

"Mayo, Paskazia hajambo?"